Barabara ya Ziwani Haifuati Maji: Wapi pa Kusimama kati ya Mwanza, Musoma na Bukoba

*“Tunaishi Nyakato, Mwanza. Mimi, mke wangu na watoto watatu (mkubwa ana miaka 13, mdogo ana 6) tunapanga safari ya siku nne mwezi Desemba kwa gari letu dogo. Tunataka barabara inayopita pembeni mwa ziwa mwanzo hadi mwisho, kama zile za kwenye filamu, tuwe tunasimama kupiga picha na watoto wakiogelea. Nimeambiwa pia kwamba filamu ya zamani ya The African Queen ilirekodiwa hapa Mwanza karibu na Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyobebana ziwani, na ningependa watoto waone mahali hapo. Je, twende Bukoba au Musoma? Na je, naruhusiwa kurusha droni?”*

Ndugu msomaji, swali lako nimelisoma mara mbili, na nadhani chini ya maswali hayo yote kuna hofu moja: kwamba mtaendesha siku nne, mafuta yataisha, watoto watachoka, na mtakachokuwa mmekiona zaidi ni mashamba ya mihogo, vijiwe vya bodaboda na matuta ya barabarani, huku ziwa likiwa limejificha nyuma ya vilima. Hofu hiyo ina msingi. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwatafutia watengenezaji wa filamu na wapiga picha mahali pa kufanyia kazi katika Kanda ya Ziwa, mahali ambapo wenyewe tunapaita lokesheni, na jambo la kwanza ninalowaambia wageni ndilo ninalokuambia wewe: upande wetu wa Ziwa Victoria hauna barabara kuu inayofuata maji mwanzo hadi mwisho. Ipo barabara inayokwenda kuyasalimia maji mahali pachache, kisha inarudi zake bara.

Sababu utaiona ukiitazama ramani kwa utulivu. Ufukwe wa kusini umechanikachanika. Ghuba ya Mwanza peke yake inaingia nchi kavu takribani kilomita 60, Ghuba ya Speke inakwenda mashariki hadi kupakana na Serengeti, na Ghuba ya Emin Pasha iko huko upande wa Chato. Mhandisi ambaye angeambiwa afuate kila mkunjo wa ufukwe huo angejenga barabara ndefu mara kadhaa kuliko inayohitajika, tena juu ya udongo mbaya, kwa kuwa pale mito inapomwaga maji yake ziwani huwa pamejaa mafunjo na tope. Isitoshe, ziwa lenyewe halikai mahali pamoja: kati ya mwaka 1961 na 1964 kina chake kilipanda kwa zaidi ya mita 2, na barabara ambayo ingekuwa imejengwa ukingoni kabisa ingelala chini ya maji. Siku hizi ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo barabara zetu hupita kwenye mgongo wa nchi, palipo pakavu, na maji huonekana pale tu mgongo huo unapoteremka.

Hizo barabara unazoziona kwenye filamu, ambazo gari hutembea dakika tatu nzima bahari ikiwa dirishani, mara nyingi hutengenezwa mezani wakati wa kuhariri. Kamera huchukua kona moja asubuhi, daraja moja jioni na kilima kimoja siku iliyofuata, kisha vipande hivyo huunganishwa hadi mtazamaji aamini kwamba ni safari moja. Ushauri wangu ni kwamba nanyi mfanye hivyo hivyo. Acheni kuhesabu kilomita za ufukwe. Chagueni sehemu nne au tano ambazo barabara inagusa maji, na mfike kila moja kwa saa yake.

Saa ndiyo ambayo wasafiri wengi huikosea. Mwaka fulani niliwapeleka wapiga picha wawili kwenye mwalo mmoja mzuri sana wa Ghuba ya Speke, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi, tukafika saa saba mchana kwa sababu tulichelewa kunywa chai. Maji yalikuwa meupe kama bati, mawe hayana kivuli, na nyuso za watu zimekunjamana kwa jua. Tulirudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mahali palikuwa pale pale, lakini sasa wavuvi wa dagaa walikuwa wanaingia na mitumbwi, kina mama wamesimama majini hadi magotini na beseni zao, taa za usiku bado zinaning’inia kwenye vijiti, na kila tone lililodondoka kwenye nyavu lilionekana. Jua la kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hupanda na kushuka karibu wima. Mwanga ule wa rangi ya dhahabu hudumu muda mfupi, na baada ya jua kuzama huchukua dakika ishirini hivi giza kutanda. Desemba jua huzama Mwanza kati ya saa moja kasoro robo na saa moja kamili jioni. Anayefika ufukweni saa moja na robo amekuta mahali pamefungwa.

Kumbuka pia pande za dunia. Mji wa Mwanza uko ukingo wa mashariki wa ghuba yake, hivyo jua huzama juu ya maji upande wa Sengerema. Bukoba iko ukingo wa magharibi wa ziwa, hivyo huko jua huchomoza kutoka majini, Desemba kwenye saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Anayekwenda Bukoba kutafuta machweo ya ziwani ameipa picha kisogo.

Sasa tuje kwenye filamu. Uliyoambiwa kuhusu The African Queen si kweli, ingawa ndani ya uvumi huo kuna chembe ya ukweli, na ndiyo maana haufi. Filamu hiyo ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston na kuchezwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, ilirekodiwa katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji na Uganda, hasa eneo la Maporomoko ya Murchison na Butiaba kwenye Ziwa Albert. Mkasa wenyewe umechotwa kwenye habari za Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Götzen. Meli hiyo waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaja kuibuliwa, na ndiyo ambayo tangu mwaka 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Chembe ya ukweli ni hii: meli ya Wajerumani inayoonekana ndani ya filamu iliigizwa na stima iliyoitwa Buganda, ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa hapa Ziwa Victoria. Kwa hiyo ziwa letu lilitoa mwigizaji mmoja wa chuma, lakini Jiwe la Bismarck halikuonekana hata kidogo.

Jambo hilo lisikushangaze, kwa maana kamera huenda palipo na urahisi wa bandari, hoteli, vibali na fedha, na mara nyingi mahali penye historia hupitwa. John Hanning Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliliona ziwa hili akiwa karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858, lakini filamu ya Mountains of the Moon ya mwaka 1990, inayosimulia safari zake na Richard Burton, sehemu zake za Afrika zilirekodiwa Kenya. Uwanja wa ndege wa Entebbe uko ufukweni mwa ziwa hili hili, na uvamizi wa makomando wa Israeli wa mwaka 1976, wa kuwaokoa mateka wa ndege, ulitokea pale. Filamu ya mwaka 2018 kuhusu tukio hilo iliutafuta uwanja wake Malta. The Last King of Scotland ya mwaka 2006, inayomhusu Idi Amin, kinyume chake, ilirekodiwa Uganda kwenyewe.

Filamu ambayo hakika imebeba sura ya Mwanza ni Darwin’s Nightmare ya mwaka 2004, ya Hubert Sauper kutoka Austria, iliyofikia kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu za kumbukumbu. Inahusu biashara ya sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika karne iliyopita, na ilirekodiwa miongoni mwa wavuvi, viwanda vya minofu na ndege za mizigo. Serikali ililalamika hadharani mwaka 2006 kwamba imeichafua nchi, na hadi leo ukiitaja kwenye mwalo unaweza kukuta mtu akikunja uso. Kwa kijana wako wa miaka 13 ningeliweka hivi: mahali pale pale, kwa kuchagua uelekeze kamera wapi, panaweza kusimulia njaa au sikukuu. Hakuna kibao wala mnara wa kuonyesha lokesheni zake, wala sishauri mzitafute. Lakini mkisimama kwenye mwalo wowote, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha za watu, na mkikataliwa mkubali. Watu wa ziwani wana sababu ya kuwa waangalifu.

Kabla ya kuamua Musoma au Bukoba, nikuulize: mara ya mwisho kulitazama Jiwe la Bismarck kwa nusu saa nzima ilikuwa lini? Sisi wenyeji hupita pale tukikimbilia kivuko cha Kamanga. Mawe ya Mwanza hayakupangwa na mtu wala kubebwa na maji. Ni granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo ilipasuka ingali chini ya ardhi. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, yakaozesha kingo na pembe hadi vipande vikabaki mviringo vikiwa bado vimezikwa, kisha mmomonyoko ukaondoa udongo uliovizunguka. Ndiyo maana unakuta jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jingine kana kwamba limewekwa kwa mkono. Hakuna kipande chochote cha njia ya Bukoba kinachofikia hapo kwa picha, na kutoka Nyakato ni safari ya daladala tu. Kisiwa cha Saanane nacho, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko dakika chache kwa boti kutoka Kapripoint, na watoto watakuta pundamilia na pimbi juu ya miamba. Siku moja kati ya nne zenu iwe ya hapa hapa nyumbani.

Kwa siku tatu zinazobaki, gari dogo na mtoto wa miaka 6, mimi ningechagua Musoma. Ni takribani kilomita 220, nusu tu ya safari ya Bukoba hivi, na hesabuni saa nne au zaidi, kwa kuwa kwenye vijiji vyote mwendo ni kilomita 50 kwa saa na askari wa usalama barabarani hawalali. Mkitoka Nyakato mtapita Igoma, walikozikwa wengi waliopotea kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba ya Mei 1996. Simameni kidogo, watoto wana umri wa kuelewa kwamba ziwa hili si la mchezo. Kisesa kuna Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, yenye ngoma na vifaa vya watemi. Baada ya Magu barabara inaanza kulisogelea ziwa, na Lamadi ndipo mahali pangu pa kwanza pa kusimama: upande mmoja kuna Ghuba ya Speke, upande mwingine lango la Ndabaka la Serengeti. Kabla ya Musoma mnaweza kukata kwenda Butiama kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Musoma yenyewe imekaa kwenye rasi, hivyo mtu hatembei mbali kabla hajakutana na maji.

Bukoba ni nzuri zaidi, hilo sitaficha. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikitula saa nzima na zaidi, na kuvuka juu ya ghuba asubuhi ukungu ukiwa bado majini ni kitu cha kukumbuka. Msisimame juu ya daraja. Tafuteni mahali pa kutazama huku upande wa Kigongo kabla hamjapanda. Lakini baada ya Sengerema ziwa linapotea. Geita, Katoro na Buseresere ni miji ya dhahabu na biashara, si ya maji, na mtaliona ziwa tena kwa uhakika mkifika Chato, kisha Kemondo, na mwisho pale barabara inapoteremka kuingia Bukoba na kisiwa cha Musira kinakaa mbele yenu. Ni kama kilomita 400, na kuna suala la mvua: usiku upepo kutoka nchi kavu za pande zote hukutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu ya radi, kisha upepo wa mashariki huyasukuma hadi mwambao wa Kagera alfajiri. Desemba mnaweza kuamka siku mbili mfululizo Bukoba bila kuliona hilo jua la majini mliloliendea. Kwa siku sita ningesema nendeni, mlale Chato kwenda na kurudi. Kwa siku nne mtavijua zaidi viti vya gari. Kisiwa cha Ukerewe nimekiacha kwa makusudi, maana kivuko kinataka mtu asiye na haraka.

Kuhusu kuogelea, hapa naomba unisikilize kwa makini, ingawa mimi si daktari. Watu wengi huamini kwamba maji maangavu yenye mchanga safi hayana kichocho, na kwamba ukijifuta haraka umepona. Vyote viwili si vya kutegemea. Mayai ya kichocho huingia majini kupitia kinyesi au mkojo wa binadamu, huanguliwa, na vimelea hukulia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ukingoni. Kisha hutoka kwa wingi jua linapopasha maji, yaani mchana, saa zile zile watoto wanapotaka kuogelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache. Hata wale waigizaji wa The African Queen, matukio yao ya ndani ya maji yalirekodiwa kwenye matangi ya studio Uingereza, kwa kuwa kuyarekodi Afrika kulionekana ni hatari. Penye majani yamesimama au watu wanafua, watoto wasiingie. Penye mafunjo na utulivu kuna mamba na viboko pia. Kama mnataka maji, chagueni hoteli yenye bwawa.

Ikiwa wataingia hata hivyo, pelekeni familia kupima baada ya miezi miwili hivi, hata kama hakuna anayeumwa, kwa sababu kichocho cha tumbo mara nyingi hukaa kimya. Homa, upele unaowasha, kuharisha au damu kwenye choo ni sababu ya kwenda hospitali mapema, na mkamweleze daktari kwamba mliingia ziwani. Msinunue dawa ya prazikwanteli dukani na kumeza usiku ule ule: dozi hupangwa kwa uzito, na dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga, hivyo mtajiona mmetibiwa ilhali bado.

Droni usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndani ya Saanane au hifadhi nyingine yoyote utahitaji pia ruhusa ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Nenda ofisini mwenyewe wiki kadhaa kabla, ukiwa na nyaraka za kifaa. Maelezo ya jamaa wa kijiweni hayatakusaidia siku ukisimamishwa. Picha za familia kwa simu hazina tatizo, isipokuwa msielekeze kamera kwenye maeneo ya jeshi, na bandarini muulize kwanza. Ukitaka kutengeneza filamu ya kuuza au kuonyesha hadharani, hilo ni la Bodi ya Filamu.

Kabla ya kupanga tarehe, tazama mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika, maana samaki hawafuati taa. Mkiwa Musoma au Lamadi katika juma la mwezi mwandamo, baada ya saa mbili usiku mtaona ziwa lina mji wake, mstari wa taa ukitikisika hadi upeo wa macho. Watoto wasilale mapema usiku huo. Mkiona asubuhi nguzo nyeusi kama moshi juu ya maji, si moto, ni wadudu wadogo wa ziwani. Fungeni vioo vya gari. Siku ya mwisho ondokeni Musoma kabla ya saa nne asubuhi, mle chakula cha mchana njiani bila pupa, na mpitilize Nyakato bila kushusha mizigo. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni muwe mmeshakaa Kapripoint, mmeelekea Sengerema.